Mwongozo kamili: kutembea ukingo wa mto Thames, London, kutoka Westminster hadi Tower Bridge bila kupotea

Mpwa wangu alinitumia picha akiwa London, meno yote nje, chini yake ameandika: "Mjomba, nimefika Tower Bridge!" Nyuma yake kulikuwa na daraja la zege, bapa kama kibao cha kukatia mboga, halina hata mnara mmoja. Nikamjibu: hilo ni London Bridge, mwanangu, hebu geuka utazame mto unakoelekea. Akageuka. Minara miwili ilikuwa imesimama mbele yake, mwendo wa robo saa hivi, na treni yake ya kurudi alikofikia ilikuwa inaondoka baada ya nusu saa.

Hakuwa wa kwanza. Wageni huanguka kwenye mambo yale yale matatu: wanatembea ng'ambo isiyofaa, wanaupoteza mto katikati ya safari wasijue pa kuupatia tena, na wanachelewa hadi giza linawakuta. Inasikitisha, kwa sababu njia yenyewe ni kilomita nne tu, ni tambarare, na hailipiwi hata senti. Ukikaza mwendo unaimaliza kwa saa moja. Ukitembea kwa raha, unasimama, unakaa, unashangaa, tenga saa nne hadi tano.

Vitu vya kuwa navyo

- Kadi moja ya benki ya kugusisha, au kadi ya Oyster, yaani kadi ya nauli ya London. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, na vibanda vingi vya chai kando ya mto vimefuata mkondo huo. Kadi uliyoingilia kituoni ndiyo hiyo hiyo ya kutokea. Ukiingia kwa kadi ukatoka kwa simu, mfumo unahesabu watu wawili na kukutoza kama wawili.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Safari ya siku ya leo si mahali pa kuvunjia kiatu kipya, hasa kwa vile kuna kipande cha mawe yasiyo sawa baadaye.
- Jaketi lisilopitisha maji, hata kama asubuhi jua linawaka. Mwavuli sikushauri, upepo wa mtoni utaupindua nje ndani kabla hujafika daraja la pili.
- Chupa tupu ya maji. Maji ya bomba ya London ni salama kunywa na kuna mabomba ya kujazia njiani.
- Simu iliyojaa chaji na pawabenki. Kwa nini, utaelewa ukifika Hatua ya 6.
- Kamba ya kufungia simu kwenye kiganja, ukiweza. Vibaka wa London huja kwa baiskeli kutoka nyuma na kunyakua simu mkononi mwa mtu anayetazama ramani.

Kabla hujatoka, angalia mambo matatu

*Jua litazama saa ngapi.* Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mwezi Desemba jua la London linazama saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, yaani 15:50 kwenye ratiba za huko. Mwezi Juni linazama kama saa tatu na dakika ishirini usiku. Anayekwenda Desemba akaanza baada ya chakula cha mchana atafika mwisho gizani. Majira ya baridi, anza saa nne asubuhi, usizidishe.

*Maji yanapwa au yanajaa.* Thames ni mto, lakini hapa mjini unapwa na kujaa kama bahari, mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa hufikia mita 7 hivi. Kwa hiyo mto utakaouona asubuhi si utakaouona alasiri. Maji yakipwa zinatokea fukwe za kokoto na matope chini ya kuta. Yakijaa, mto unapanda ukutani na mashua zinapita karibu na macho yako. Tafuta jedwali la maji la London Bridge la siku hiyo.

*Tower Bridge litafunguka saa ngapi.* Mabawa ya daraja hili hunyanyuliwa mara 800 hivi kwa mwaka kupisha vyombo vya majini, na ratiba hutangazwa mapema kwenye tovuti ya daraja lenyewe. Ukipata siku yenye kufunguka alasiri, ipange safari yako yote kuanzia hapo kwenda nyuma.

Kanuni moja ya kushika kichwani

Tembea ng'ambo ya kusini, ukielekea mashariki, *na mto uwe mkono wako wa kushoto.* Basi. Mto ukiwa kulia, umegeuka. Mto ukiwa hauonekani kabisa, uko kwenye moja ya sehemu nitakazozitaja, na nitakueleza namna ya kuupata.

Kwa nini kusini? Kwa sababu ng'ambo ya kaskazini sehemu kubwa ya njia imepakana na barabara ya magari, na utatembea huku lori likikupigia kelele sikioni. Kwa nini kuelekea mashariki? Asubuhi jua linakuwa nyuma yako unapolitazama Bunge, na alasiri linaliangaza Tower Bridge uso kwa uso. Ukianzia upande wa pili, picha zako zote mbili kuu zitakuwa vivuli vyeusi. Tena upepo wa London mara nyingi hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo utakusukuma mgongoni badala ya kukupiga usoni.

Hatua ya 1: Shukia Westminster, tokea upande wa mto

Treni za chini ya ardhi za Jubilee, District na Circle zote zinasimama Westminster. Kituo kina milango kadhaa na ndiyo inayowachanganya watu. Usifuate umati. Fuata vibao vilivyoandikwa Westminster Pier, yaani gati.

Umefanikiwa kama umetoka na jambo la kwanza unaloliona ni maji na boti, na daraja la rangi ya kijani liko karibu nawe. Ukijikuta kwenye njia panda yenye magari pande zote na mnara wa saa umekuinamia kichwani, hujaharibu kitu. Elekea darajani tu.

Hatua ya 2: Vuka daraja kwa njia ya kushoto

Panda Westminster Bridge na utembee kwenye njia ya miguu iliyo mkono wa kushoto. Sababu ni ndogo lakini muhimu: ngazi za kushukia ng'ambo ziko upande huo, na kuvuka barabara katikati ya daraja hakuwezekani kwa amani.

Tahadhari: darajani utakuta duara la watu limeinama juu ya kijizulia, mtu anazungusha vikombe vitatu na kimpira. Ni pata potea ile ile unayoijua. Yule mama aliyeshinda sasa hivi na kurukaruka ni mwenzao, na yule bwana anayekusukuma kidogo begani huenda pia ni mwenzao. Usisimame hata kutazama. Picha ya Bunge usiipigie hapo katikati ya msongamano. Kuna mahali pazuri zaidi, dakika tatu mbele.

Hatua ya 3: Shuka penye simba

Mwisho wa daraja, kushoto, kuna sanamu kubwa ya simba mweupe, amesimama hapo juu ya jiwe lake na uso wa mzee aliyechoshwa na wageni. Ameumbwa mwaka 1837. Ngazi za kushuka mtoni ziko pembeni yake.

Ukiwa na kigari cha mtoto au kiti cha magurudumu, achana na ngazi. Endelea na barabara, lipite jengo kubwa la County Hall, kisha pinda kushoto kuingia Belvedere Road. Utatokea Jubilee Gardens, na mto utakuwa mbele yako.

Chini ya ngazi kuna kipito kinachopita chini ya daraja, na mara nyingi utakuta foleni ya vijana waliojipamba. Wanasubiri zamu ya kupigwa picha ndani ya tao la mawe huku mnara wa saa ukionekana nyuma yao. Jiunge na foleni ukitaka. Mimi ningepita katikati yao kwa adabu, nikatokea upande wa pili, ambako Bunge zima limenyooka ng'ambo ya maji bila mtu yeyote kukusukuma. Hapo hapo unaanza ukuta wenye mioyo myekundu iliyochorwa kwa mkono, kila moyo kwa ajili ya mtu mmoja aliyekufa kwa Uviko nchini Uingereza. Unaendelea kwa karibu nusu kilomita. Ndani ya mioyo kuna majina, na mengine yameandikwa upya kwa sababu wino ulififia. Ukuta huu unakutoa kwenye njia kwa muda, na mto unakuwa kulia kwako; ni mara pekee ninapokuruhusu uvunje kanuni. Kisha rudi ulikotoka.

Hatua ya 4: Kutoka London Eye hadi Waterloo Bridge

Gurudumu la London Eye lina urefu wa mita 135 na mzunguko mmoja ni nusu saa hivi. Kama hujakata tiketi mtandaoni kabla, usiingie foleni leo, itakula saa ambazo utazihitaji mbele. Eneo hili ndilo lenye msongamano kuliko yote ya njia nzima. Begi livae mbele, simu mfukoni, songa.

Baada ya kupita chini ya daraja la reli, watu wanapungua ghafla na unaanza kupumua. Jengo kubwa mkono wa kulia ni Royal Festival Hall, ukumbi wa muziki wa 1951. Ingia. Hakuna atakayekuuliza unatafuta nini, kuna vyoo vya bure, viti, lifti na joto. Wageni wengi hulipia choo karibu na London Eye bila kujua kwamba mwendo mfupi mbele kuna cha bure.

Hatua chache tena utasikia magurudumu yakigonga zege. Vijana wa mbao za kutelezea wamekuwa wakichezea pango hilo lililochorwa rangi kila inchi tangu miaka ya 1970. Egemea chuma utazame. Kila anayeanguka anainuka, anajipangusa, anarudi pale pale.

Chini ya Waterloo Bridge kuna meza ndefu za vitabu vikuukuu, ramani na picha za kale, zimejikinga mvua chini ya tao. Inamisha kichwa usome migongo ya vitabu polepole. Hapa ndipo mimi hupoteza muda wangu mwingi.

Utajua uko sawa ukiona kwamba baada ya daraja hili mto unapinda kulia, na mbali mbele kuba la kanisa la St Paul's limejitokeza juu ya mapaa.

Hatua ya 5: Hadi Tate Modern

Kipande hiki ni chepesi. Unapita National Theatre (vyoo tena), halafu miti, mabenchi, na njia iliyonyooka. Ifuate.

Maji yakiwa yamepwa utaona ufukwe chini ya ukuta, na ngazi za mawe zikikualika. Hapa sikiliza. Ngazi hizo zina ukoga wa kijani na zinateleza kama sabuni. Maji yakianza kujaa yanakuja kwa kasi na yanaweza kukufungia njia ya kurudi. Na hata ukishuka salama, huruhusiwi kupekua wala kuokota chochote pale bila kibali cha mamlaka ya bandari ya London. Hata kile kipande cha kiko cha udongo cha miaka mia tatu kilicholala kama kijiti cha chaki kati ya kokoto. Tazama ukiwa juu.

Penye daraja la Blackfriars, njia inapita chini, usipande barabarani. Utakapotokea utaona nguzo nene nyekundu zimesimama majini mistari mistari, hazibebi kitu. Ni masalia ya daraja la reli lililoondolewa.

Tate Modern, jumba la sanaa, hukosi kuitambua: jengo la matofali la kahawia lenye bomba la moshi la mita 99, kwa kuwa lilikuwa kituo cha umeme. Kuingia ni bure, ila maonyesho maalumu hulipiwa. Mbele yake ni Millennium Bridge, daraja jembamba la miguu tu, lililofunguliwa Juni 2000, likayumba chini ya watu, likafungwa baada ya siku mbili na kurudi kazini 2002. Siku hizi halitikisiki. Tembea hadi katikati, tazama St Paul's, kisha *rudi kusini.* Wengi huvuka moja kwa moja kwa uzuri wa mandhari na hapo safari yao ya mtoni ndiyo imekwisha.

Hapa pia ndipo pa kupumzika. Kula, nenda chooni, jaza chupa, chomeka simu kwenye pawabenki. Mbele vyoo ni adimu mpaka stesheni ya London Bridge.

Hatua ya 6: Mahali pa kupotea, yaani Clink Street

Pita Globe, jumba la maigizo la Shakespeare lililojengwa upya na kufunguliwa 1997, lile lenye paa la matete. Pita chini ya Southwark Bridge. Muda si mrefu utaona baa kongwe mkono wa kulia, jina lake The Anchor, na watu wamekaa nje na glasi zao.

Simama hapo. Njia ya mtoni imekwisha.

Haikuandikwa kwa herufi kubwa popote kwamba imekwisha. Inakata tu, kwa sababu majengo yamesogea hadi ukingoni. Mimi mara ya kwanza niliamini simu, na simu chini ya matao ya reli ikaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa; nikazunguka nayo, nikatokea kwenye maegesho ya malori ya matofali, chaji asilimia nne. Fanya hivi badala yake:

1. Ukiwa na baa mkono wa kulia, ifuate njia inavyokunja kulia kidogo, kisha pinda kushoto uingie chini ya tao la reli. Pana giza na treni inanguruma juu yako, ni sawa.
2. Umeingia Clink Street. Ni nyembamba, kuta ndefu za maghala pande zote, na chini ni mawe yasiyo sawa. Anayesukuma kigari aende taratibu. Nenda nayo hadi mwisho.
3. Njiani, kulia, utaona ukuta wa kale umebaki peke yake ukiwa na dirisha la duara lililochongwa kama ua. Ni mabaki ya jumba la maaskofu wa Winchester. Ukiliona, hujapotea.
4. Mwisho wa mtaa kuna meli ya mbao yenye milingoti, imebanwa kwenye gati dogo. Ni nakala ya Golden Hinde, meli ambayo Francis Drake aliizungukia dunia. Hapo mto unachungulia, na utajaribiwa kuufuata. Usiufuate, hakuna njia.
5. Kunja kulia hadi uone kanisa kuu la Southwark. Lipite ukiliacha *mkono wa kulia.* Unatembea Montague Close sasa, na mbele yako kuna daraja kubwa juu ya kichwa. Pita chini yake.

Soko la Borough liko nyuma ya kanisa hilo. Harufu ya jibini na uyoga itakuvuta, na sikulaumu, lakini kumbuka Jumatatu linafungwa na Jumamosi halipitiki. Ukiingia, toka kwa mlango ulioingilia, urudi penye kanisa. Ukitokea kwingine, umeanza mchezo upya.

Hatua ya 7: Kuupata mto tena

Lile daraja ulilopita chini yake ndilo London Bridge, la mpwa wangu. La sasa lilifunguliwa 1973. Lililotangulia liliuzwa, likasafirishwa kipande kipande na kuunganishwa tena huko Arizona, Marekani. Kwa hiyo ukikuta picha ya London Bridge jangwani, si uongo.

Ukitokea upande wa pili uko Tooley Street, barabara yenye mabasi, stesheni ikiwa kulia. Nyoosha, huku ukitazama kushoto, hadi uone lango kubwa la Hay's Galleria lenye paa la kioo la duara. Ingia, pita katikati, tokea mwisho.

Umefanikiwa kama umetoka na mto upo mbele yako, na meli ya kivita ya rangi ya kijivu, HMS Belfast, imefungwa gatini na mizinga yake. Pinda kulia. Mto uko kushoto tena.

Hatua ya 8: Tower Bridge

Kutoka hapo ni dakika kumi, na hakuna pa kukosea. Usikimbilie darajani. Kaa kwanza kwenye nyasi za Potters Fields Park, kwani ukishapanda juu ya daraja hulioni tena.

Kama umepanga siku ya kufunguka, fika dakika ishirini kabla. Kengele zinalia, taa nyekundu zinawaka, magari yanasimama, halafu mabawa mawili, kila moja zaidi ya tani 1,000, yananyanyuka polepole kama mtu anayejinyoosha baada ya usingizi. Mara nyingine kinachopishwa ni mashua moja tu ya matanga, nahodha wake akiwapungia watu mkono. Basi zima la ghorofa limesimama likimsubiri.

Kisha panda ngazi za pembeni, vuka kaskazini. Ngome ya Tower of London itakuwa kushoto kwako. Ifuate hadi kituo cha Tower Hill, dakika kumi hivi, na upande treni ya District au Circle. Zote mbili zitakurudisha Westminster bila kubadilisha. Kama miguu imekataa kabisa, gati liko jirani na ngome, na boti za abiria zinapokea kadi ile ile uliyoanza nayo asubuhi. Kaa upande wa kushoto wa boti: utaiona njia yote uliyotembea ikirudi nyuma nyuma, na The Anchor pale ilipo, na pengine mgeni mmoja amesimama mbele yake anageuza simu juu chini.